Kabla Mgonjwa Hajashuka Kitandani

Mgonjwa aliyelala wodini siku kadhaa akisema anataka kwenda msalani, ndugu aliye karibu humshika makwapani na kumwinua. Nia ni njema. Hata hivyo, mwenye kiharusi akivutwa hivyo aweza kuumizwa bega, na mwili uliolala muda mrefu hauna hakika ya kusimama. Misuli imelegea na damu huchelewa kupanda kichwani. Kipimo cha juu cha presha kikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, mgonjwa aweza kupata kizunguzungu na kuanguka.

Ndiyo maana kumpima mgonjwa uwezo wa kujongea ni sehemu ya matibabu, na wauguzi hufundishwa kazi hiyo. Kipimo hakihitaji mashine. Kwanza muuguzi hufunga magurudumu ya kitanda, huweka sawa dripu na mpira wa mkojo, kisha humtaka mgonjwa akae ukingoni bila kuegemea na anyooshe mkono kuvuka upande wa pili, kama anayempa mtu mkono. Akiweza, hunyoosha goti na kuchezesha kanyagio, mguu mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo husimama, kwa sekunde chache tu, na mwishowe hupiga hatua papo hapo kabla ya kwenda mbele. Akishindwa hatua yoyote, kipimo huishia hapo, na muuguzi huamua kama panahitajika watu wawili, mkongojo, kiti cha magurudumu au kubaki kitandani. Jibu la asubuhi halitoshi kwa jioni: upasuaji, homa au dawa ya usingizi hubadili hali, hivyo kipimo hurudiwa.

Mchukwi, wilayani Kibiti, kuna hospitali ya misheni na chuo cha kufundishia wauguzi. Penye hospitali na chuo pamoja, anayekuhudumia aweza kuwa mwanafunzi. Hilo lisikutie hofu, kwa kuwa mkono hauzoei kazi hii kwa kusoma daftari. Lakini mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi mwenye leseni, nawe una haki ya kuuliza msimamizi huyo ni nani.

Ndugu wa mgonjwa naye ana la kusema, pengine kuliko anavyodhani. Mzee aliyeletwa kwa boti kutoka vijiji vya delta hadi Nyamisati, kisha kwa gari, hufika amechoka kiasi kwamba muuguzi hawezi kujua kama juma lililopita alikuwa akienda shambani kwa miguu yake. Wewe unajua. Mweleze kama alitumia mkongojo, kama amewahi kuanguka nyumbani, na dawa za presha anazomeza. Mletee viatu vinavyoshika mguu. Kandambili zilizolika huteleza kwenye sakafu yenye maji.

Akianguka, usimwinue. Mwite muuguzi amkague pale pale alipo, kwani nyonga iliyovunjika huharibika zaidi ikisogezwa. Ukiona kipimo kilipuuzwa, anza kwa muuguzi msimamizi wa wodi, kisha mganga mfawidhi. Malalamiko kuhusu mwenendo wa muuguzi yapelekwe Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Taja tarehe, wodi na saa ya tukio.