USUKANI UNAOJISHIKA WENYEWE



Likizo iliyopita nilisafiri na mjomba kwa boti yake. Njiani mafuta ya motere yakaisha, tukatweka shitingi kama tanga. Usiku mjomba akanipa usukani, nami nikasinzia. Nilipoamka, boti ilikuwa imegeuka inaelekea mawe ya ng'ambo. Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu: "Wewe si unasoma sayansi? Hakuna mashine ya kushika usukani mtu akichoka?"

Nilitafuta. Kumbe iko, tena ni ya namna mbili.

Ya kwanza inatumia upepo. Mwaka 1960 watu watano, kila mmoja peke yake katika boti yake ya tanga, walishindana kuvuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza mpaka New York. Francis Chichester alifika wa kwanza kwa siku 40, na Blondie Hasler wa pili kwa siku 48. Hasler alikuwa ametengeneza chombo cha namna hii: nyuma ya boti kuna ubao mwepesi unaokata upepo. Boti ikigeuka, upepo unaupiga ule ubao ubavuni, unausukuma. Ukisukumwa, unazungusha kasia lililo majini. Maji yanalisukuma kasia pembeni kwa nguvu, nalo linavuta kamba za usukani. Hakuna batri, hakuna mafuta. Lakini ubaya wake ni huu: unafuata upepo, haufuati njia. Sisi wa Uvira tunajua kwamba mchana upepo unatoka ziwani, na usiku unashuka milimani. Ukilala ukielekea Bujumbura, upepo ukigeuka, boti nayo inageuka pamoja nao!

Ya pili inatumia dira na batri. Dira inaiambia kompyuta ndogo boti inaelekea wapi, na motere ndogo inasukuma usukani. Lakini isukume kiasi gani? Jibu lilitoka kwa Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1922 aliandika hesabu ya kazi hiyo, na akaijaribu katika manowari iliyoitwa New Mexico. Yeye aliwatazama kwanza washika usukani wenyewe. Aliye hodari anaangalia mambo matatu:

1. Boti imepotoka kiasi gani? Ikiwa kidogo, anasukuma kidogo.
2. Inageuka kwa mbio gani? Ikianza kurudi kwa mbio, anauachia usukani mapema, isije ikapitiliza.
3. Je, upepo unaisukuma upande uleule kila wakati? Basi anauacha usukani umelala kidogo kuuzuia.

Mashine ikijua jambo la kwanza peke yake, boti inakwenda kama mlevi, mara kushoto, mara kuume. Ikiyajua yote matatu, inanyooka. Leo kuna programu inayoitwa pypilot, ya bure, ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuibadilisha, nayo inaendeshwa na kompyuta ndogo kama kitabu cha mfukoni.

Kuijaribu kunahitaji uvumilivu. Kwanza iko juu ya meza: unaizungusha dira kwa mkono, unaona kama motere inasukuma upande wa kweli. Halafu asubuhi ziwa likitulia, mtu akiwa tayari kushika usukani. Mwisho ni siku ya mawimbi yanayotoka nyuma, juu hayo ndiyo yanayogeuza boti kwa nguvu. Unabadilisha kitu kimoja tu kila mara, unaandika. Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Nilimweleza mjomba yote. Akanyamaza, halafu akasema: "Hiyo mashine itaziona nyavu za watu? Itaona taa za wavuvi wa ndakala?"

Hapana. Haioni kitu. Na mtu akianguka majini, boti haimngojei, inaendelea na safari yake vizuri kabisa. Ndiyo maana wanaosafiri peke yao wanajifunga kamba kwenye boti.

Basi jibu langu kwa mjomba ni hili: mashine inaweza kupumzisha mkono, lakini jicho halina wa kulipokea zamu. Wenye kutaka kuanza na mtumbwi mdogo wa mti na ubao wa upepo, tuonane Jumamosi baada ya kufagia, kwenye darasa la mwaka wa sita. Kila mtu aje na kisu chake na kamba.