Kujituma hufundishika, na faida yake hupimika

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wengi wamekwisha kuhudhuria semina ya ujasiriamali angalau mara moja. Hukaa darasani siku mbili au tatu, hufundishwa kuandika daftari la mauzo na matumizi, hupewa cheti na kurudi nyumbani. Miezi sita baadaye, kwa wengi wao, biashara iko pale pale ilipokuwa.

Lawama humwangukia mwenye biashara. Huambiwa hana kipaji, hana elimu ya kutosha au ni mvivu. Naye taratibu huanza kuamini kuwa mafanikio ni bahati ya waliozaliwa nayo.

Utafiti uliofanyika Togo, Afrika Magharibi, unaonyesha kuwa imani hiyo si sahihi. Utafiti huo uliendeshwa na wataalamu wa uchumi wa Benki ya Dunia wakishirikiana na wanasaikolojia, akiwemo Michael Frese wa Ujerumani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science.

Watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wa mji mkuu, Lome. Hawa walikuwa watu wa kawaida wenye biashara zisizosajiliwa: washonaji, wachuuzi, mafundi na watoa huduma. Kwa njia ya bahati nasibu waligawanywa katika makundi matatu ya watu 500. Kundi la kwanza halikupewa mafunzo yoyote. La pili lilifundishwa mambo yaliyozoeleka: hesabu, usimamizi wa fedha, masoko na usimamizi wa wafanyakazi. La tatu lilifundishwa kujituma, yaani kuanzisha jambo bila kusukumwa, kutazama mbele na kutokata tamaa mbele ya vikwazo.

Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalipata muda sawa: saa 36 za darasani katika wiki nne, kisha mkufunzi aliwatembelea wahusika katika biashara zao mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Baada ya hapo watafiti walifuatilia mapato yao kwa zaidi ya miaka miwili.

Matokeo yalitofautiana sana. Faida ya waliofundishwa kujituma iliongezeka kwa asilimia 30 ikilinganishwa na ya wale ambao hawakufundishwa. Kwa waliofundishwa hesabu na masoko, ongezeko lilikuwa asilimia 11, kiasi ambacho kitaalamu hakikuweza kutofautishwa na bahati tu. Wanawake ndio walionufaika zaidi, kwani faida yao ilipanda kwa takriban asilimia 40. Mafunzo hayo yaligharimu kama dola 750 za Marekani kwa mtu mmoja, lakini ongezeko la faida lilirudisha gharama hiyo ndani ya mwaka mmoja.

Hii haina maana kwamba daftari la hesabu halina kazi. Daftari humwonyesha mtu alipo. Haliwezi kumwamulia aende wapi.

Nguzo tatu za kujituma

Nguzo ya kwanza ni kuanza mwenyewe. Waswahili husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Chukua mfano wa soko lenye wauza nyanya kumi, wote wakiuza sado moja kwa bei moja. Anayengoja wateja hugawana nao hao hao na wenzake tisa. Anayejituma huchagua nyanya ngumu na kuwapelekea mama lishe asubuhi kabla hawajawasha moto, kisha zile zilizoiva sana huziuza kwa bei ya chini siku hiyo hiyo kabla hazijaoza. Mtaji wake ni ule ule. Alichofanya cha ziada ni kujiuliza nani anahitaji nini, na kwa saa ngapi.

Nguzo ya pili ni kutazama mbele. Mkulima wa mahindi anajua kuwa bei hushuka wakati wa mavuno, kila mtu anapouza, na kwa kawaida hupanda miezi kadhaa baadaye. Anajua pia kuwa ada na sare za shule huhitajika Januari. Hata hivyo, wengi huuza mavuno yote mapema kwa sababu shida huwakuta hawajajiandaa, kisha hununua unga kwa bei ya juu. Anayepanga mapema hutenga kuku au magunia machache ya maharage kwa ajili ya mahitaji ya haraka, na mahindi huyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua dumuzi na wadudu wengine bila dawa. Lakini hata hapo lazima apige hesabu: kuhifadhi kuna faida pale tu bei inayotarajiwa inapozidi gharama ya mifuko na ya kusubiri.

Nguzo ya tatu ni kuvishinda vikwazo kwa kuvitarajia. Mwenye bustani ya umwagiliaji hana sababu ya kushangaa pampu inapoharibika, kwani kila pampu huharibika siku moja. Swali ni kama alikwisha kumjua fundi, bei ya kipuri na mahali pa kupata fedha. Anayeyaandika hayo mapema hupoteza siku moja. Asiyeyaandika anaweza kupoteza mboga za msimu mzima.

Na mkulima je?

Ni kweli kuwa utafiti wa Lome haukuhusu wakulima. Lakini kilimo kina ushahidi wake kupitia shamba darasa, mfumo ulioanzishwa Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Katika mfumo huo wakulima hawakai kumsikiliza bwana shamba tu. Hukutana shambani mara kwa mara, hulinganisha vipando viwili, huhesabu wadudu, hujadiliana na kuamua wenyewe hatua ya kuchukua.

Utafiti kuhusu mashamba darasa ya Kenya, Tanzania na Uganda, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa kwa nchi hizo tatu kwa pamoja kipato cha washiriki kiliongezeka kwa takriban asilimia 61. Wanawake na watu wenye elimu ndogo walikuwa miongoni mwa walionufaika sana. Kama ilivyokuwa Togo, mtu alijifunza kwa kutenda katika kazi yake mwenyewe, na kutokuwa na cheti cha shule hakukumzuia.

Isiwe kisingizio

Aidha, ni vyema kutahadhari. Kujituma hakujengi barabara, hakushushi bei ya mbolea wala hakuleti mvua. Mkulima asiye na njia ya kufikisha mazao sokoni hastahili kuambiwa kuwa tatizo ni fikra zake. Viongozi wasiyatumie mafunzo haya kukwepa wajibu wao.

Vilevile, mafunzo yasipofuatiliwa hupoa. Utafiti wa Jamaica uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mafunzo ya namna hii yaliwasaidia wafanyabiashara wanaume katika miezi ya mwanzo, lakini baada ya mwaka mmoja manufaa hayo hayakuonekana tena. Tabia mpya ni kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni: usipomwagiliwa wiki za mwanzo, hunyauka hata kama mbegu ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo kabla kikundi hakijatumia fedha au muda wake kwa semina, kiulize maswali matatu. Je, kila mshiriki atatoka na mpango wa kazi yake mwenyewe, si wa mfano wa ubaoni? Je, atatakiwa kufanya jambo fulani kati ya kipindi kimoja na kingine? Je, kuna mtu atakayemtembelea baadaye kuona amefikia wapi? Majibu yakiwa hapana, ni afadhali fedha hizo zinunue mbegu.

Habari njema ni kwamba vikundi vingi vina nyenzo hiyo tayari. Wanachama wa VICOBA hukutana kila wiki kununua hisa na kurejesha mikopo. Dakika 20 za mkutano zinatosha kila mwanachama kutaja jambo moja jipya atakalolijaribu kabla ya mkutano unaofuata, kikwazo anachokitarajia na namna atakavyokikabili. Wiki inayofuata wenzake wamuulize. Aliyefanikiwa aeleze alivyofanya, na aliyekwama asaidiwe kutafuta njia nyingine badala ya kuchekwa.

Utaratibu huo hauhitaji mfadhili, ukumbi wala posho. Unachohitaji ni mwenyekiti atakayeuweka kwenye ajenda ya mkutano ujao, na wanachama watakaokubali kuulizwa.