DAKTARI ANASOMESHWA KWA JASHO LAKO

Ndugu msomaji, hebu fikiri jambo hili.

Ni saa nane usiku. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Mtoto hatoki. Jamaa zake wamemfikisha kwenye kituo cha afya. Chumba cha upasuaji kipo. Kitanda kipo. Taa zinawaka. Lakini mganga mwenye ujuzi wa kupasua hayupo. Alihamia mjini miezi mitatu iliyopita. Muuguzi anasema, "Mpelekeni hospitali ya wilaya." Hospitali iko mbali, na barabara ni mbovu.

Mama huyu amekosa nini? Hakukosa jengo. Amekosa mtu. Leo tuzungumze juu ya mtu huyo. Nani anamsomesha? Na kwa nini haji kijijini?

TULIKOTOKA

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwalimu Nyerere alikuwa akieleza kwamba wakati ule tulikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Watu walikuwa zaidi ya milioni 9. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam. Shule hiyo ilikua. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Siku hizi madaktari wanafundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma na Mbeya.

Katika miaka ya mwanzo, serikali ililipa gharama zote za mwanafunzi. Alipomaliza masomo, serikali ilimpangia kituo cha kazi. Katika miaka ya 1990 wanafunzi na wazazi walianza kuchangia gharama. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo ilianza kazi mwaka 2005.

FEDHA HIZO NI ZA NANI?

Ni zako, ndugu msomaji. Ukinunua sabuni, unalipa kodi. Ukinunua mafuta ya taa, unalipa kodi. Kodi hiyo inajenga vyuo vya serikali na kulipa mishahara ya walimu wake. Kodi hiyo inatoa mikopo kwa wanafunzi.

Daktari husoma chuoni miaka 5. Kisha hufanya mazoezi ya kazi hospitalini mwaka 1. Hujifunza kwa kuhudumia wagonjwa, watu kama wewe na mimi. Kwa hiyo hakuna daktari aliyejisomesha peke yake. Hata yule aliyelipiwa ada na baba yake amesaidiwa na umma.

Sasa angalia. Kijana aliyekopa kwenye Bodi hulipa deni lake kwa fedha. Akiajiriwa, hukatwa kila mwezi katika mshahara. Akifanya kazi mjini, hulipa. Akifanya kazi kijijini, hulipa vile vile. Mkopo umemwezesha kuwa daktari. Hilo ni jambo jema. Lakini mkopo peke yake haumleti kijijini. Nasi tuliohesabiwa mwaka 2022 kuwa tunaishi vijijini tulikuwa karibu watu 65 katika kila 100.

WAJAPANI WALIFANYAJE?

Shida hii si yetu peke yetu. Japani ni nchi tajiri. Lakini ina milima mingi na visiwa vingi vidogo. Madaktari wake walipenda kukaa katika miji mikubwa. Watu wa milimani na visiwani walibaki bila daktari.

Mwaka 1972 mikoa ya nchi hiyo ilishirikiana kuanzisha chuo cha udaktari kiitwacho Jichi. Mikoa ya Japani ni 47. Kila mwaka, kila mkoa huchagua vijana wake 2 au 3. Kijana husoma miaka 6 kwa fedha ya mkopo. Akimaliza, hurudi katika mkoa wake na kufanya kazi kwa miaka 9. Sehemu ya miaka hiyo hukaa vijijini au visiwani. Akitimiza ahadi yake, deni lote hufutwa. Akikataa, hulipa fedha yote pamoja na riba. Walio wengi sana wametimiza ahadi.

Umeona tofauti? Kule deni hulipwa kwa kazi. Kijana anawalipa wale wale waliomsomesha.

Lakini ahadi peke yake haitoshi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kwa nchi zote. Lilisema: chagueni vijana waliokulia vijijini, maana hao ndio wanaoelekea zaidi kurudi. Wapeni msaada wa masomo wenye ahadi ya kutumikia vijiji. Tena wapatieni makazi mazuri na vifaa vya kazi. Mganga anayelala katika chumba kinachovuja hatakaa.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, msomeshe mwanao, wa kike na wa kiume. Udaktari unaanzia shule ya sekondari, katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Usimtoe shuleni wakati wa kupalilia.

Pili, shirikianeni kutengeneza nyumba ya mganga. Iwe na choo, maji na mlango imara.

Tatu, mpokeeni vizuri. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa daktari, methali hiyo ni kweli tupu.

Nne, semeni. Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, mwulizeni diwani wenu: kituo chetu kina waganga wangapi? Kinahitaji wangapi? Mwulizeni mbunge wenu: kwa nini daktari anayekaa kijijini miaka mingi asifutiwe deni lake?

Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye shamba huuliza mavuno. Nawe umelima shamba hili kwa kodi yako. Mama yule wa saa nane usiku anangoja mavuno.

JADILINI DARASANI

1. Mganga wa mwisho aliondoka kijijini kwenu kwa sababu gani?
2. Je, ni haki kumtaka daktari alipe deni kwa kazi? Toeni sababu.
3. Ni jambo gani moja mnaloweza kulitimiza kabla ya msimu ujao?