Msimamizi wa Uchimbaji wa Kisima cha Gesi

Umekwisha kujifunza kwamba gesi iliyobanwa hutafuta njia ya kutokea. Nenda nje ya darasa, tikisa chupa ya soda, kisha uifungue polepole. Unaona nini? Povu hupanda na kumwagika. Kisima cha gesi nacho huweza kufanya hivyo, lakini kwa nguvu kubwa mno.

Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Wilaya ya Kilwa. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako hutumiwa kuzalisha umeme. Gesi hukaa ndani ya miamba, chini sana ya ardhi. Ili kuifikia, wachimbaji husimamisha mnara wa chuma na kuteremsha mabomba yenye keekee kubwa nchani. Kiongozi wao ni msimamizi wa uchimbaji.

Keekee inapozunguka, pampu husukuma tope zito ndani ya mabomba. Tope hilo hutokea penye keekee, kisha hupanda tena kwa nje ya mabomba. Lina kazi tatu. Kwanza, huipoza keekee. Pili, huleta juu vipande vya mawe. Tatu, kwa uzito wake huizuia gesi isipande.

Msimamizi hawezi kuona chini ya kisima. Kwa hiyo huhakikisha kwamba tope linapimwa wakati wote. Tope linalorudi likizidi lile linaloingia, hutambua kwamba huenda gesi imeingia kisimani na inalisukuma. Hapo huamuru kazi isimame na vali kubwa za mdomoni mwa kisima zifungwe. Baadaye tope zito zaidi huingizwa.

Tarehe 20 Aprili, 2010, katika Ghuba ya Mexico, dalili za namna hii hazikutambuliwa mapema. Gesi ilipanda, ikalipuka, na wafanyakazi 11 wakafa. Ndiyo sababu msimamizi mwema humsikiliza hata kibarua anayesema, "Simamisheni kazi!" Saa zilizopotea huweza kufidiwa, uhai haufidiwi.

Maswali
1. Taja kazi tatu za tope.
2. Tope linalorudi likizidi, msimamizi hutambua nini?
3. Zimebaki mita chache kumaliza kisima, na tope linaanza kuzidi. Ungekuwa msimamizi, ungefanya nini? Eleza sababu.