Wanaoingoja Theluji Kama Mwezi Mwandamo

Chuoni tulifundishwa kuwa maji yafaayo kujitwahirishia ni aina saba. Hivyo ndivyo kianzavyo kitabu cha Abu Shujaa, ambacho sisi Mashafii wa pwani tumekisoma tangu enzi za mababu. Maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizihesabu kwa vidole, nasi watoto tukamwitikia kwa sauti moja. Mvua tuliijua, ilikuwa ikitunyea. Bahari ilikuwa nyuma ya nyumba. Mto, kisima na chemchemi havikumtatiza mtu. Zikabakia mbili, theluji na mvua ya mawe. Siku moja nikajitia ujuvi nikamwuliza maalim theluji ni kitu gani. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Ni kitu cheupe. Soma." Nikasoma.

Mvua ya mawe nilikuja kuiona ukubwani huko Kericho, ilipopiga mabati ya nyumba ya wageni hata nikadhani tumeingiliwa na majambazi. Theluji ndiyo iliyobaki. Niliwahi kuiona kwa mbali kileleni mwa Kilimanjaro, nikiwa Taveta, imetandazwa kama kitambaa, lakini kitu ukionacho kwa mwendo wa siku nzima huwezi kusema umekijua. Na wakati huo wote neno lenyewe sikuacha kulitamka. Miongoni mwa dua za kufungulia sala, imo ile ambayo mja humwomba Mola amwoshe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Maiti naye huombewa vivyo hivyo katika sala ya jeneza. Siku tulipomzika maalim wetu nilisimama safu ya pili, nikamwombea aoshwe kwa kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa nijuavyo mimi, hakupata kukitia mkononi.

Haya yalinirudia moyoni mwezi wa Februari 2018, nilipokwenda London kumtembelea mpwa wangu. Anakaa mashariki mwa mji ule, katika mtaa wa nyumba za matofali zilizoshikana kama meno, na kazi yake ni kuendesha yale mabasi mekundu ya abiria. Nilikuta baridi kali. Nilivaa fulana tatu, sweta mbili na koti la mpwa wangu, na bado nikawa natetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Lakini baridi niliitarajia. Ambalo sikulitarajia ni kukuta watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaoomba izidi.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mmoja wao. Ni mzee wa Kiingereza, mstaafu, umri wa miaka sitini na ushei. Uani kwake amesimamisha kisanduku cheupe cha mbao chenye mbavu za kupitishia hewa, mithili ya madirisha ya nyumba za Mji wa Kale, na ndani yake mna vipimajoto. Kila asubuhi na jioni hutoka kuvisoma na kuandika daftarini. Mpwa wangu alinionya, "Mjomba, huyo usimwulize habari za hewa, utalala hapo hapo." Nami, msomaji mpenzi, ndiyo kazi yangu kuuliza nilichoonywa nisiulize.

Akanieleza. Tarehe 12 Februari pepo za juu kabisa, kiasi cha kilomita 30 juu ya Ncha ya Kaskazini, ambazo wakati wa baridi huvuma kutoka magharibi, zilikuwa zimegeuka zikavuma kinyume. Hewa ya huko juu ilipata joto la ghafla, ikapanda kwa makumi ya digrii katika siku chache. Mtu angedhani joto la juu litaleta joto la chini. La, mambo huenda kinyume: ule mzunguko wa pepo unaoizuia baridi isitoke Nchani huvunjika, na baada ya wiki mbili hivi baridi ya Siberia hupata njia ya kuingia Ulaya. Kwetu sisi Februari ni kaskazi, upepo uliotuletea majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Uingereza mwezi huo walikuwa wakiletewa upepo wa matlai, moja kwa moja kutoka Urusi. Magazeti yakaupa jina la Mnyama wa Mashariki.

Tangu siku ile mzee hakulala vizuri. Wataalamu wa Marekani hutoa ramani za hewa kwa kompyuta mara nne kwa siku, na wale wa kituo cha Ulaya hutoa zao pia, naye alizingoja zote, hata ile inayotoka usiku wa manane. Alinionyesha mstari mmoja ambao wenziwe huupenda kama mabaharia waipendavyo nyota ya kibla. Hewa ya baridi husinyaa, akasema, na wataalamu hupima unene wa tabaka la hewa tangu karibu na ardhi hadi kiasi cha kilomita tano na nusu juu. Unene huo ukishuka chini ya mita 5,280, basi pana matumaini ya theluji. Matumaini tu. Kisiwa cha Uingereza kimezungukwa na bahari yenye vuguvugu, na pepo zake nyingi hutoka kusini-magharibi, zimelowa. London nayo ni mji mkubwa wenye joto la majumba na magari. Mara nyingi theluji huanza safari yake mawinguni ikiwa theluji na kufika barabarani ikiwa mvua, kwa sababu ya digrii moja tu. Mvua hiyo ambayo mkulima wa Kilifi angeipokea kwa vigelegele, watu hawa huitazama dirishani kama watu waliofiwa.

Wapo hata wanaowekeana fedha iwapo siku ya Krismasi itaanguka. Idara ya hewa ya nchi hiyo ina kipimo chake: chembe moja ya theluji ikionekana ikianguka wakati wowote kati ya saa 24 za tarehe 25 Desemba, basi imehesabiwa. Kamari ni kamari, hukumu yake twaijua. Mzee wangu, kwa insafu, hakuwa mcheza kamari. Alisema theluji si kitu cha kufanyiwa biashara.

Basi jioni ya Jumatatu, tarehe 26, akanialika nikae naye dirishani. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu, naye akaniuliza nacheka nini. Aliyazima mataa yote ya ndani, akafungua pazia, akaketi akiikazia macho taa ya barabarani. Taa ile ndiyo shahidi wake, maana chembe za kwanza hazionekani gizani, huonekana katika duara la mwanga wa taa. Simu ikalia. Rafiki yake wa Kent: imeanguka. Ikalia tena, wa Norfolk: imeanguka tangu mchana. Mzee akawapongeza kwa adabu, lakini uso ulikunjamana. Nikamwuliza, si imekwisha kuanguka? Akanijibu kwamba imeanguka kwao. Yeye haikubali mpaka aione mtaani kwake, kwa macho yake.

Wapwani wenzangu, niambieni, tumeyasikia wapi maneno haya? Nilimsimulia kuhusu usiku wa ishirini na tisa Shaabani: watoto juu ya mapaa, watu wazima ufuoni, redio imefunguliwa tukimngoja Kadhi Mkuu, huyu anasema mwezi umeonekana Lamu, yule anasema hafungi kwa mwezi wa mji mwingine, na mtaa mmoja ukala daku huku wa pili umelala. Alinisikiliza sana. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia: je, huwa tunatumai uandame au usiandame? Nikamwambia inategemea ni mwezi wa kuingilia mfungo au wa kutokea.

Nikamsimulia na jingine, ili asidhani theluji ni mali yao peke yao. Mwaka 1848 mmishenari wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Rabai, Johannes Rebmann, alisafiri kuelekea Uchagani, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia hakuuita theluji, aliuita baridi tu. Mwaka uliofuata Krapf naye akauona Mlima Kenya. Habari zilipofika London, bingwa wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, alizikataa katakata. Theluji karibu na ikweta, alishikilia, haiwezekani! Ubishi haukuisha hata katika miaka ya 1860 alipokuja Mjerumani mwingine, von der Decken, akaupanda mlima hadi pale alipofika. Mimi kama mtu wa lugha namtetea yule kiongozi. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu, na barafu tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni hiyo hiyo theluji, nasi tukalishusha likawa donge la kutilia kwenye sharubati. Yeye alikitaja kitu kwa kile kinachomfanya mtu. Na ajabu ni kuwa baridi na *barad*, ile mvua ya mawe ya kitabuni, kwa Kiarabu ni mzizi mmoja.

Mzee alicheka aliposikia habari za Cooley. Akasema katika wenziwe wapo akina Cooley wengi.

Usiku ulipokuwa mkubwa nikamwuliza kwa nini hasa anaingoja. Alikaa kimya, akaniambia habari za mwaka 1963. Theluji ilianza tarehe 26 Desemba 1962, na sehemu nyingi za nchi haikuondoka hadi Machi. Hata bahari iliganda huko Herne Bay, pwani ya Kent. Nilimtaka arudie: bahari? Bahari, akasema. Yeye alikuwa mtoto. Babake alimwamsha usiku, akamfunga blanketi, akambeba mpaka dirishani akamwonyesha ikianguka penye taa. Hakusema neno, alimwonyesha tu. Babake alikufa zamani. Tangu hapo, akasema, hapendi kuamka na kuikuta imekwisha kuanguka. Anataka aione ikifika.

Sikuwa na la kumwongezea. Nikamfikiria maalim na kidole chake cha sita.

Mpwa wangu ana maoni mengine, na siwezi kuyaficha. Jioni ile kabla ya kulala aliniambia, "Mjomba, hao wanaoiomba theluji hawana basi la kutoa saa kumi na moja alfajiri." Kweli hana kosa. Baridi ile iliwakuta watu wanaolala barabarani, iliwakuta wazee wanaohesabu senti za gesi. Jumatano, tarehe 28, huko Uskoti hadi ya hatari ilipandishwa kufikia rangi nyekundu, na mamia ya watu walikesha ndani ya magari yao katika barabara kuu ya M80. Nilipomtajia jirani maneno ya mpwa wangu, hakukasirika. Alisema, "Kutaka kwangu hakuiteremshi." Nikaona ni jibu la mtu aliyekwisha kujiuliza mwenyewe.

Kabla ya saa tisa za usiku alinishika mkono. Sikuona kitu. "Pale," akasema, "chini kidogo ya taa." Nikaona kijivumbi kimoja, halafu viwili, vikienda upande kama havijui vinataka kutua wapi. Halafu vikawa vingi. Mvua huja na kishindo; hii haikuwa na sauti yoyote. Mzee alisimama, akaandika saa katika daftari lake, mkono ukimtetemeka, akafungua mlango tukatoka. Chembe ikatua juu ya mkono wa koti. Nilitaka kuisogeza karibu na macho, ikayeyuka kwa pumzi yangu.

Saa kumi nilirudi nyumbani kwa mpwa wangu, nikachukua bakuli kubwa la jikoni, nikatoka tena. Ukutani imekwisha kutanda kiasi cha vidole viwili. Nilijaza bakuli mpaka likafanya kilima, nikaliweka juu ya jiko. Basi, msomaji, theluji ni udanganyifu mtupu: bakuli zima lilinipa maji kiasi cha vikombe vichache vya kahawa, na chini yake masizi ya London. Nikayamwaga, nikatoka kuchota nyingine, safari hii ile ya juu juu iliyo safi.

Mpwa wangu alinikuta mlangoni, yeye akitoka kwenda kazini, kofia kichwani, thermosi ya chai mkononi. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Mjomba, mfereji una maji. Tena ya moto."

"Najua, mwanangu. Haya ni ya kutawadhia."

Hakubisha. Alinivuta kola ya koti akanifunga kifungo cha juu, akasema niingie ndani, kisha akaenda zake akikanyaga polepole kama mtu anayetembea juu ya mwani. Nilitoka mara ya tatu, na ya nne. Mikono na uso vilipata vyao. Miguu ilinigharimu bakuli zima, na maumivu yake niliyasikia mpaka magotini. Kabla ya kutandika msala nilichungulia nje. Nyayo za mpwa wangu zilikuwa zimekwisha kufukiwa, na dirishani kwa jirani taa zilikuwa bado zimezimwa.