Je, Wajua? Mtoto Mmoja, Milango Miwili

Miaka saba, pwani na bara

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Baba hajafungiwa nje: akileta ushahidi wa kutosha, hakimu anaweza kuamua vingine. Sasa sikia hili. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, miaka saba hivi ndiyo umri wa mtoto kupambanua mambo, naye huulizwa mwenyewe: utakaa na nani?

Kalamu ya mama mmoja iliitikisa Uingereza

Mwaka 1836 mwandishi Caroline Norton alitengana na mumewe, na mume akawachukua watoto wao watatu wa kiume, mdogo akiwa na miaka miwili tu. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikuwa upande wa baba karibu katika kila jambo. Caroline akaandika vijitabu, akawasumbua wabunge, na mwaka 1839 ikapitishwa sheria iliyomruhusu mama kuomba kukaa na watoto wake walio chini ya miaka saba. (Saba tena!) Inauma kusimulia kilichofuata: mume alikuwa amewapeleka watoto Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mdogo wao alifariki mwaka 1842 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, na mama alifika akiwa amechelewa. Wanawake wengi walikuja kunufaika na sheria ambayo yeye mwenyewe ilimfaa kidogo mno.

Shairi lilitumika kama ushahidi

Mkewe mshairi Percy Shelley alipofariki, familia ya marehemu ilikwenda mahakamani kumzuia asiwachukue watoto wake wawili. Shairi lake *Queen Mab* lilipelekwa mbele ya jaji Lord Eldon kuonyesha mawazo yake juu ya dini na ndoa. Mwaka 1817 Shelley akanyimwa watoto, katika Uingereza ileile ambako baba alikuwa mfalme wa nyumba.

Kenya haiulizi cheti cha ndoa

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mstari huo mmoja ni ada ya shule, ni matibabu, ni chakula mezani.

Japani ilimtambua mzazi mmoja tu

Wanandoa wakiachana huko, mamlaka ya kisheria juu ya mtoto yalibaki kwa mmoja wao, basi. Mei 2024 bunge lilipitisha mabadiliko ya kuwaruhusu wazazi walioachana kuyashika pamoja.

Mtoto ana haki ya kwenda kulala kwa mzazi mwingine

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 26, inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye kila anapotaka, mradi masomo yasiharibike. Ana haki pia ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla nyumba haijavunjika. Mzazi anayemficha mtoto ili kumkomoa mwenzake anamnyang'anya mtoto kilicho chake.

Amri ya malezi inaweza kubadilishwa

Hali zikibadilika, mzazi anaweza kurudi mahakamani. Amri ya malezi ni kama sare ya shule: iliyomkaa mtoto wa chekechea haiwezi kumkaa wa darasa la saba.

Ndugu wanaweza kugawanywa

Sheria ya Ndoa ya Tanzania inasema mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja. Kila mmoja apimwe kwa ustawi wake. Miaka 38 baadaye, Sheria ya Mtoto ikaitaka mahakama izingatie pia uzuri wa ndugu kukaa pamoja.

Bibi naye anaweza kuomba

Ombi la kukaa na mtoto si la baba na mama peke yao. Sheria ya Mtoto inamruhusu pia mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto. Bibi aliyebaki na mjukuu wakati wazazi wakivutana hana haja ya kungoja ugomvi wao uishe.