Mdudu Anayejikausha Ili Aishi

Tarehe 11 Aprili 2019, chombo cha Israeli kiitwacho Beresheet kilikuwa kinashuka kutua Mwezini pale injini yake ilipozimika. Kikaenda kujipigiza kwenye uwanda ambao wanaastronomia huuita Mare Serenitatis. Hakikuwa na binadamu ndani, lakini kilikuwa na abiria: maelfu ya dubu-maji, wanyama wadogo mno, waliokaushwa na kufungashwa pamoja na maktaba ndogo iliyochorwa kwenye vibati vyembamba vya nikeli. Hakuna hewa kule, hakuna maji, mchana unaunguza na usiku ni baridi ya kugandisha kila kitu. Kama kuna wanyama waliowahi kukwama ugenini kwa maana kamili ya neno hilo, ni hao.

Je, walipona? Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza waliwagandisha dubu-maji, wakawafyatua kwa bunduki ya maabara, kisha wakahesabu waliobaki hai. Hadi mwendo wa kama mita 900 kwa sekunde walivumilia. Kupita hapo walisambaratika. Kwa kuwa kishindo cha chuma kugonga ardhi ya Mwezi kina shinikizo kubwa kuliko walilolivumilia maabara, watafiti hao waliona uwezekano wa kupona ni mdogo sana. Na hata aliyepona hatembei kule. Amelala, na ataendelea kulala mpaka apate tone la maji, ambalo Mwezini halitamfikia.

Dubu-maji si mgeni wa mbali. Hapa kwetu Kinyerezi, Tanzania, tafuta ukuta wa uzio uliopigwa na maji ya simtanki linalovuja, ule upande usiopata jua la mchana. Kuna ukoga wa kijani pale, ule unaokauka na kuwa kahawia wakati wa kiangazi, kisha ukarudi kijani baada ya mvua moja. Humo ndimo dubu-maji hupenda kukaa, duniani kote. Ana miguu minane minene yenye kucha, na kwa kawaida hafikii hata milimita moja. Ukoga ukikauka, huvuta miguu ndani, hujikunja na kusitisha shughuli zote za mwili. Mvua ikirudi, hunyoosha miguu na kuendelea na safari.

Sifa za dubu-maji zimeshaenea. Ninayetaka kumtambulisha leo ni wa Afrika, anajulikana na wachache mno, na kwa maoni yangu anastaajabisha zaidi. Jina lake la kisayansi ni Polypedilum vanderplanki. Ni wa jamaa ya wale wadudu wadogo wasiouma ambao huruka kwa mawingu mazito juu ya Ziwa Viktoria, wakaingia machoni na puani mwa wavuvi. Dubu-maji ni mnyama mdogo mwenye mwili wa seli chache. Huyu ni mdudu kamili: ubongo, utumbo, misuli na mishipa yake ya fahamu ni ya seli nyingi zaidi. Na bado, akiwa lava, yaani mtoto ambaye bado hajaota mabawa, anaweza kukauka kabisa na kuishi tena.

Makazi yake ni vidimbwi vinavyojikusanya juu ya miamba iliyo wazi, kaskazini mwa Nigeria na nchini Uganda. Aliyewahi kupanda mwamba wa namna hiyo, wa Uganda au wa Mwanza au Dodoma, anajua jinsi ulivyo: jua linachoma jiwe hadi mguu mtupu haukanyagi, halafu mvua inashuka, na kila shimo dogo linajaa maji. Siku chache baadaye maji yamekwisha. Mvua nyingine, maji tena. Samaki hawezi kuishi humo, na wadudu wengi walao wenzao hawana muda wa kukua. Lava huyu amepata nyumba isiyo na adui, kwa sharti moja tu, kwamba awe tayari kukauka nayo.

Hilo jina la vanderplanki lina historia inayopita Tanganyika. F. L. Vanderplank alikuwa mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Shinyanga miaka ya 1940, akichunguza mbung'o. Alijaribu kupandisha aina mbili za mbung'o ili kizazi chao kiwe tasa, na akafanya majaribio hayo porini, si ndani ya chupa tu. Baadaye aliokota lava hawa Nigeria, na Howard Hinton wa Chuo Kikuu cha Bristol akawapa jina kwa heshima yake mwaka 1951. Hinton ndiye aliyegundua ukubwa wa jambo lenyewe. Aliwatumbukiza lava wakavu katika heliamu ya kimiminika, nyuzi 270 chini ya sifuri, kwa dakika tano. Akawapasha joto hadi nyuzi 102 kwa dakika moja. Akawarudishia maji, wakaamka. Wengine waliamka baada ya kukaa wakavu miaka 17.

Namna anavyofanya inastahili kufuatwa kwa utulivu, maana mbinu yenyewe ndiyo utamu wa habari hii.

Lava ni mwekundu, kwa sababu ana himoglobini inayomsaidia kuvuta oksijeni kwenye tope. Hafiki sentimita moja. Hujijengea kibomba kwa mate yake na takataka za chini ya dimbwi, akaishi humo. Maji yanapopungua, kibomba hicho hushika unyevu na kuchelewesha ukavu, na ucheleweshaji huo ndio unaomwokoa. Anahitaji kama saa 48. Ukimkausha haraka, kwa saa chache tu, anakufa kama mdudu mwingine yeyote.

Ndani ya saa hizo 48, chumvi za mwilini zinazidi kuwa nzito kadiri maji yanavyotoka. Kuzidi huko kwa chumvi ndiko kunakowasha mtambo. Akiba ya wanga iliyo mwilini inageuzwa kuwa sukari iitwayo trehalosi, hadi sukari hiyo inafikia karibu moja ya tano ya uzito wake mkavu. Inasambaa kila mahali na kuchukua nafasi ya maji yaliyokuwa yakishikilia protini na ngozi nyembamba za seli. Pamoja nayo zinatengenezwa protini maalumu ambazo kazi yake ni kuzuia nyingine zisigandamane. Mwishowe maji yanayobaki ni kama asilimia 3 tu, na sukari inageuka kioo. Nasema kioo kwa maana ya fizikia: kitu kigumu kisicho na fuwele, ambacho kila molekuli imekwama mahali pake. Ukimtazama wakati huo ni kikamba kilichopinda, mfano wa dagaa mkavu mdogo kuliko wote kapuni. Hapumui, hali, hazeeki kwa kipimo chochote tunachokijua.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni la ubongo. Watafiti wa Tsukuba, Japani, ambao wamemfuga mdudu huyu kwa miaka mingi, walimkata lava kichwa kabla ya kumkausha. Mwili usio na kichwa ulikauka sawasawa, na uliporudishiwa maji ulijikunjua na kucheza. Hakuna amri inayotoka kichwani. Kila seli inaona chumvi imezidi na inajiandaa yenyewe.

Kuamka ni kwepesi kwa macho. Mweke kwenye kisahani chenye maji, na ndani ya muda wa kama saa moja anajaa, anarudi mwekundu na kuanza kupinda huku na huku. Kwa ndani, hata hivyo, kuna matengenezo makubwa. Kukauka kumevunja vipande vya DNA yake, na inamchukua siku kadhaa kuviunga. Hapo ndipo palipo na siri ya uvumilivu wake dhidi ya mionzi. Akiwa mkavu anastahimili miale ya gama ya maelfu ya vipimo vya grei, wakati binadamu wengi hufa kwa vipimo vinne au vitano wasipotibiwa. Hakuumbiwa mionzi, kwa kuwa juu ya mwamba wa Uganda hakuna mionzi ya namna hiyo. Amezoea tu kuunga DNA iliyokatika, na seli haijali kilichoikata ni ukavu au ni mionzi. Mwaka 2014 ramani ya jeni zake ilichapishwa ikilinganishwa na ya ndugu yake wa karibu, Polypedilum nubifer, ambaye akikauka hufa. Tofauti ilionekana wazi: vanderplanki ana maeneo kwenye jeni zake ambamo zile za kulinda na kutengeneza zimejirudia mara nyingi, zimekaa pamoja, na huwashwa anapokauka.

Haishangazi basi kwamba alipelekwa angani. Katika jaribio la Urusi lililoitwa Biorisk, lava wakavu waliwekwa katika visanduku nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, pamoja na mbegu za mimea, vijidudu vya bakteria na kuvu, na mayai ya wanyama wadogo wa majini. Walikaa huko zaidi ya miaka miwili, wakipita kutoka jua kali kwenda kivuli cha Dunia mara nyingi kila siku. Waliporudishwa na kulowekwa, kuna walioamka. Mwaka 2014 wengine walilowekwa ndani ya kituo chenyewe, wakaamka pasipo uzito.

Nataka tuelewane hapa, kwa sababu habari hizi zikipita midomo mingi hupinda. Mdudu huyu hawezi kuishi Mwezini wala Mirihi. Anahitaji maji, hewa na chakula kama sisi. Anachoweza ni kutokufa wakati vitu hivyo havipo, na hilo ni jambo tofauti. Binadamu aliyekwama kwenye sayari kame angehesabu chupa za maji; akipoteza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwa kiu, mauti yako mlangoni. Sisi mwili wetu hauna kituo cha kusimama. Lava huyu anacho, lakini ni lava peke yake. Yai haliwezi, wala mdudu mzima mwenye mabawa hawezi, na huyo mwenye mabawa siku zake ni chache sana.

Uwezo huo unatufundisha pia jinsi ya kutazama mahali panapoonekana patupu. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua Mirihi, vikachota udongo na kuumwagilia maji yenye virutubisho, vikisubiri kuona kama kuna kitakachopumua. Wanasayansi wengi walihitimisha kwamba hakuna dalili ya uhai. Wazo la kumwagilia lilikuwa sahihi kabisa. Chombo ambacho kingepiga picha tu, kikatua Uganda mwezi wa ukame juu ya mwamba wenye vumbi, kingeripoti jiwe tupu.

Na sisi tunaripoti hivyo kila mwaka, hapa hapa. Kinyerezi inajengwa kwa kasi. Ukitoka upande wa mitambo ya umeme wa gesi ukateremka kwenye mabonde, utaona viwanja vinavyokaa maji wakati wa masika na kupasuka nyufa ifikapo Agosti. Pwani ya Tanzania, katika madimbwi ya aina hiyo, ndiko nyumbani kwa samaki wa jamii ya Nothobranchius. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye spishi nyingi zaidi za samaki hawa. Unguja kuna Nothobranchius guentheri, aliyejulikana kwa wanasayansi tangu 1893. Dume lina rangi za kupendeza ajabu, nyekundu na buluu iliyokoza. Dimbwi likikauka wazazi wote wanakufa, lakini mayai yamefukiwa kwenye tope, ukuaji wake umesimamishwa, yakingoja mvua. Yakianguliwa, samaki wanakua mbio kweli: jamaa yao wa Msumbiji, Nothobranchius furzeri, ameonekana akikomaa kwa wiki mbili tu. Ndiyo maana watu husema samaki hao wameshuka na mvua.

Kiangazi ndicho kipindi cha kumwaga kifusi, kwa sababu lori halizami. Mwenye kiwanja anatazama, haoni kitu, anaita malori. Simlaumu anayetafuta mahali pa kujenga. Kila mtu anahitaji paa. Lakini naona uchungu kwamba tathmini ya mazingira inaweza kufanyika Septemba, mtaalamu akatembea juu ya mayai na kuandika kwamba eneo ni kame na halina viumbe wa majini. Ukaguzi wa bonde unapaswa kufanyika mara mbili, mara moja likiwa na maji.

Huko Japani, elimu iliyotoka kwenye vidimbwi vya Afrika inaelekea hospitalini. Seli za Polypedilum vanderplanki zilizokuzwa maabara, zinazoitwa Pv11, zimeweza kukaushwa na kuwekwa kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya miezi minane, kisha zikaamka na kugawanyika tena. Siku mbinu hiyo itakapoweza kulinda chanjo au damu bila jokofu, zahanati isiyo na umeme wa uhakika itanufaika kuliko chombo chochote cha anga.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone jambo hili hana haja ya roketi. Chota mkono mmoja wa vumbi la juu kutoka dimbwi lililokauka, weka kwenye beseni jeupe, mimina maji ya mvua yafike kina cha vidole vinne. Usitumie maji ya bomba yenye klorini. Liweke mahali penye mwanga lakini si juani, na litazameni kila asubuhi kwa lenzi ya mkononi. Si kila dimbwi litajibu, kwa hiyo jaribuni vumbi la sehemu mbalimbali. Wakitokea wanyama wadogo wanaoogelea, wapeni chachu ya mkate iliyokorogwa kwenye maji, kiasi cha ncha ya kijiti. Ikizidi, maji yataoza na watakufa.